Mguu wa Boti

Tunduma imeona kila kitu kikipita barabarani. Shaba imepita, matrekta yamepita, mitambo ya migodi iliyokaribia kung'oa nyaya za umeme imepita. Lakini boti ya matanga? Hiyo ilikuwa bado. Siku ilipoingia juu ya lobedi, lile trela la chini linalobeba makatapila, hata wabadilisha fedha waliacha kwacha zao mezani wakasimama kushangaa. Ilikuwa nyeupe, ndefu, imechongoka mbele, na chini ya tumbo lake palikuwa na mguu mmoja mnene wa chuma uliosimama kwenye fremu. Dereva mmoja kwenye foleni ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akapaza sauti kuuliza kama bahari nayo iko nyuma inakuja. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Enesi hakucheka, maana lobedi lilikuwa linakata kona kuingia kwenye yadi yake.

Yadi ile ya kulaza malori aliachiwa na marehemu mumewe, Eliudi, aliyekuwa dereva wa malori. Siku Eliudi alipopata ajali, tajiri wake alimpigia Enesi simu. Hakusema kama mtu amekufa. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, "Mama Goodness, uko na nani hapo?" Ndivyo habari za namna ile zinavyoletwa kwetu. Hakuna anayezitupa masikioni mwa mtu akiwa peke yake. Kwanza anatafutwa ndugu au jirani, anapewa simu yeye, halafu yeye ndiye anayejua pa kuanzia. Enesi alijua kila kitu pale pale, kwenye swali. Tangu hapo, ukimpigia ukamuuliza yuko na nani, hata kama unataka kuazima kinu, lazima ashtuke.

Mwenye boti alikuwa mzungu mzee, Pieter jina lake, watu wa yadi wakamfanya Mzee Pita. Alikuwa ameishi Tanga miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Boti alikuwa anaipeleka Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, akamalizie uzee wake kule na matanga yake. Lobedi lilikuwa linaendelea Zambia, kwa hiyo boti ishuke Tunduma, ingoje trela lingine. Mpango mzuri kabisa. Ila kabla boti haijashushwa, mzee akashikwa na moyo palepale, akakimbizwa hospitali, na kutoka hospitali wanawe wakamrudisha kwao Ulaya.

Dereva wa lobedi naye akaja juu. Anataka trela lake, tena leo hii! Enesi akamwita mdogo wake, Abrahamu, fundi wa malori, mtu anayesikiliza injini akiwa amelala chini ya kivuli na kukwambia inaumwa wapi. Abrahamu akaizunguka boti, akakuna kidevu. Upepo wa mwezi ule ulikuwa mkali, na dude lile lilikuwa refu mno kuachwa limesimama.

"Hili tuliketishe chini," alisema. "Tufungue huu mguu, tumbo tulilaze kwenye matairi."

"Mguu ukifunguliwa haiharibiki?" Enesi aliuliza.

"Dada, huu si mguu tu kama wa trela? Kichwa kikiondoka, trela linasimama kwa miguu. Kichwa kikirudi, miguu inapandishwa juu, haina kazi tena. Boti nayo ikiwa nchi kavu inahitaji pa kusimamia. Ikiwa majini inaelea. Sasa majini mguu wa nini?"

Nani angembishia? Kila aliyekuwa pale alikulia kwenye matrela. Waliitikia kwa vichwa, wakaona fundi amesema. Abrahamu akaingia ndani, akainua mbao za sakafu, akafungua bolti zote, winchi ikainua, na mguu ukabaki umelala kwenye majani pembeni ya choo. Mzee Pita hawakumwambia. Mtu anaumwa moyo, umwambie habari za bolti?

Ila utunzaji, hapo Enesi usimguse. Mzee alimpigia kila alipopata nafuu kumwelekeza, na yeye na binti yake Goodness wakafuata neno kwa neno: maji safi, sabuni laini, polishi, kufungua madirisha jua likitoka ili ndani pasinuke ukungu. Goodness ndiye aliyeipenda hasa. Alikuwa amemaliza chuo cha hoteli, kazi hakuna, na kukaa yadini na madereva wanaomwita "mke wangu" toka asubuhi kulikuwa kumemchosha roho. Akawa anajifungia ndani ya boti, anasugua vijiko vya mzee, anatandika vitanda vya wageni ambao hawapo. Mama yake alimwona na ikamuuma. Mtoto huyu atoke hapa, alikuwa akisema moyoni. Mungu, huyu mmoja tu, apate pa kwenda.

Wiki zile zile lori moja lilirudi nyuma vibaya likang'oa geti la yadi. Abrahamu akalitundika upya. Alileta bolti nene zinazong'aa, akazipiga kwenye bawaba.

"Hizi ni mali," alijisifu. "Geti litakuzika, hizi zitabaki."

Enesi hakuuliza zimetoka wapi. Yadini kwetu kitu hakilali bure. Nati ya gari lililoharibika itakutana nawe kwenye gari jingine, na hakuna anayeita wizi. Masika yakapita, geti likashika kutu mbavu nzima, bolti zikabaki zinameremeta. Kila aliyepita alizisifia.

Halafu Mzee Pita akakata tamaa ya kurudi. Akamwambia Enesi auze boti. Alitaka picha zikionyesha imesimama kwenye fremu yake, maana mnunuzi anayejua boti ataangalia chini kwanza. Enesi akamwambia Abrahamu aurudishe mguu. Abrahamu akaurudisha kwa siku moja, akaziba, akapiga rangi, na ukipitisha mkono usingejua kama kuna kitu kilitoka. Picha zikapendeza. Mzee alipoziona alilia kwenye simu, akisema hajawahi kuona boti iliyotunzwa hivyo, tena mbali hivyo na maji.

Mvua ya kwanza ilipopiga, Enesi aliona kitu. Pale tumbo na mguu vinapokutana, mstari mwembamba wa rangi ya udongo ulikuwa umeshuka. Akaufuta kwa kitambaa. Kesho yake mvua ikanyesha, mstari ukarudi, mrefu zaidi. Akamwita Abrahamu aje aone.

"Kutu hiyo," Abrahamu alisema. "Kidogo tu. Ni mguu, dada, si injini. Utaogopa mpaka lini?"

Basi Enesi akaacha. Akawa anaufuta kila mvua ikikatika, kimya kimya, hata Goodness hakumwambia. Na asubuhi ile wanunuzi walipopiga simu kwamba wako Vwawa, wanakuja, alichukua kopo la rangi nyeupe na brashi, akapaka mwenyewe.

Mnunuzi alikuwa Luhende, mfugaji mkubwa wa kule bondeni Momba, mwenye ng'ombe wasiohesabika, ambaye sasa alikuwa amejenga hoteli Kasanga na alitaka wageni wake watembezwe ziwani. Alikuja na nahodha wake, Clement, mtu wa ziwani, mpole, mwenye macho yanayochelewa kuondoka mahali. Luhende aliizunguka boti kama anayekagua fahali mnadani, akaigonga ubavu, akainama, akaguna kwa kuridhika. Alipopanda ndani na kukuta mashuka yamenyooka na vijiko vinang'aa, akauliza nani amefanya haya.

"Ni huyu binti yangu," Enesi alisema.

"Amesoma nini?"

"Hoteli."

"Ehee! Basi namnunua na yeye," Luhende alisema, kisha akacheka alivyoona mama amekunja uso. "Natania, mama. Kazi nampa. Awe msimamizi wa boti hii, apike, apokee wageni. Boti haiendi bila mtu anayeijua."

Goodness aliziba mdomo kwa viganja. Enesi alihisi kitu kikimfunguka kifuani, kitu kilichokuwa kimebana tangu Eliudi alipokwenda.

Ndipo Clement, aliyekuwa bado chini, alipouwekea mguu ule kiganja chake na kuuliza, "Mama, huu umewahi kufunguliwa?"

Abrahamu alikuwa amesimama karibu, akatazama viatu vyake. Enesi alimwangalia Goodness, ambaye tayari alikuwa anamweleza tajiri wake mpya jiko linavyowashwa. Akisema ndiyo, itakuwaje? Wataanza maswali, watapunguza bei, wataondoka. Watamwacha mtoto hapa na madereva.

"Haujaguswa," alisema. "Toka umekuja uko hivyo hivyo."

Clement akapanda, akainua mbao za sakafu, akamulika. Alikuta nati zimepakwa rangi safi, hakuna vumbi, hakuna tone la maji. Akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Imetunzwa," alisema. Wakapeana mikono.

Siku ya kuondoka, trela likiwa linawashwa, Goodness alimshika nahodha mkono. Hajawahi kuingia majini zaidi ya magoti. Alimuuliza kama kweli kitu chembamba vile hakiwezi kupinduka. Clement akacheka, akamwambia asiogope, boti hii ina uzito wake chini, hata ilale ubavu itainuka yenyewe. Enesi alisikia. Uzito gani chini? Swali lilimjia mpaka kwenye ulimi. Lakini trela lilikuwa linatoka getini, binti anapunga mkono dirishani, majirani wanapiga vigelegele, na wewe ndiye utakayesimamisha furaha ya mtoto wako kwa swali la kijinga? Akajitia hamnazo, akapunga mkono na yeye.

Jioni alimuuliza Abrahamu. Abrahamu akamcheka. Uzito, alisema, ni injini. Iko chini, si ndiyo? Enesi akajilazimisha kuridhika. Usingizi ulikuwa wa kutafuta siku zile.

Wiki zikapita na habari zilikuwa njema tupu. Goodness alituma picha: amevaa sare, ameshika trei, maji ya buluu nyuma yake mpaka hakuna mwisho. Walikuwa bado wanatembea kwa injini tu, karibu na ufuko, wakisubiri mlingoti usimamishwe na kamba zake zifungwe sawasawa. Enesi akaonyesha picha zile kanisani, sokoni, mpaka kwa wauza viazi wa kutoka Ileje. Akaanza kunenepa kidogo, mwenyewe akacheka.

Halafu asubuhi moja ikaja sauti iliyorekodiwa kwenye simu, Goodness anapiga kelele kuushinda upepo. "Mama! Leo ndiyo leo! Mlingoti umesimama, wageni wamejaa, Nahodha anapandisha matanga! Tunaenda mbali kabisa, mama, mtandao utakata. Niombee. Jioni nakupigia nikupe story yote!"

Enesi aliisikiliza akitabasamu, akairudia, akaiweka simu mfukoni. Alikuwa anafagia karibu na geti ilipoita tena. Mzee Pita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Enesi. Leo nimeamka nimekaa, nikasema nikushukuru." Sauti ilikuwa nyembamba lakini ya furaha. "Na nimesahau jambo moja la kumwambia nahodha. Wewe mpelekee. Kila mwaka azikague zile bolti za mkuku."

"Mkuku ndiyo nini, mzee?"

"Ule mguu, mama. Ule mzito wa chini."

Ufagio ulisimama.

"Ndio unaoizuia boti isipinduke. Upepo unasukuma matanga huku, ule mguu unaivuta boti irudi huku. Tani nzima, na inaning'inia kwa zile bolti tu. Zikikatika, boti inageuka kama kikombe, hata kupiga kelele huwahi. Lakini zile zangu hazikatiki. Nilizichagua mwenyewe, hazijui kutu, na kila moja nimeigonga herufi yangu kichwani, P. Akiziona atajua. Mama? Mama Enesi, unanisikia?"

Enesi alikuwa anaangalia geti. Bolti zilikuwa zinameremeta juani vilevile kama siku zote. Akasogea, akalamba kidole, akafuta vumbi kwenye kichwa cha ile ya juu. P. Akafuta ya pili. P. Akainama mpaka ile ya chini kabisa, magoti yakigonga changarawe, na nayo ilikuwa P.

Hakumuaga mzee. Alikata akampigia Goodness. Haipatikani. Akampigia Clement. Haipatikani. Akaandika ujumbe, vidole vikikosea, *shusheni matanga rudini sasa hivi*, akautuma. Ukabaki na alama moja ya tiki, haujafika. Akautazama. Alama moja.

"Abrahamu!" Alipiga ukelele uliowatoa madereva vitandani mwao.

Abrahamu alikuja mbio, mikono imejaa grisi. Alikuta dada yake amekaa chini, ameikumbatia nguzo ya geti.

"Ulipourudisha mguu uliufunga kwa kitu gani?"

"Kwa bolti."

"Zipi?"

"Za trela la zamani." Aliangalia geti, akaangalia dada yake. "Zilikuwa fupi kidogo, nikazichomelea zikashika. Hizi sikutaka kuzitoa, geti lingeanguka. Kwani kuna nini, dada? Mguu ukishaingia majini una kazi gani?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakukuwa na hila yoyote usoni mwake, na hilo ndilo lililomvunja Enesi nguvu. Akamweleza, maneno ya mzee kama yalivyo. Aliona uso wa mdogo wake ukibadilika kidogo kidogo, mpaka midomo ikawa ya kijivu.

Akampigia Luhende. Luhende alikuwa bondeni kwenye ng'ombe zake, mchangamfu. "Mama! Wametoka saa nyingi, upepo mzuri ajabu, nimepigiwa kutoka hotelini boti inalala ubavu inakwenda kama..."

"Warudishwe!"

"Nani awarudishe? Kule katikati hakuna mtandao. Kuna nini?"

"Mguu ulifunguliwa." Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Ulifunguliwa hapa kwangu. Ukafungwa kwa bolti mbovu. Kutu ilikuwa inatoka nikaipaka rangi. Nilipaka mimi mwenyewe."

Upande wa pili ng'ombe mmoja alilia.

"Ulituambia haujaguswa," Luhende alisema. "Ngoja. Ngoja nitafute mtu mwenye boti ya injini awafuate." Akakata.

Kukaa hakukuwezekana. Enesi aliingia stoo akatoka na spana, akamkabidhi Abrahamu, akamwambia afungue. Abrahamu alitaka kusema kitu, kwamba zitasaidia nini sasa, lakini alipomwona macho akashika kazi. Alifungua moja baada ya nyingine. Ilipotoka ya mwisho geti likaanguka ndani ya yadi kwa kishindo, vumbi likapanda, na mbwa wa majirani wote wakaanza kubweka. Enesi alizikusanya bolti kwenye kanga, akapanda pikapu ya gereji.

Walishika barabara ya Sumbawanga. Abrahamu aliendesha kama mtu aliyepagawa, akipita malori bila kupiga honi, machozi yakimtoka bila yeye kuyafuta. Enesi hakulia. Alikuwa anapanga. Wakifika Kasanga, watamkuta Goodness ameketi ufukweni amelowa, amekasirika, na yeye atapiga magoti mbele ya watu wote. Atamwambia nilidanganya ili utoke. Atakubali kutukanwa na kila mtu. Clement azitie hizi bolti mahali pake, kisha wamfunge hata jela, hana neno. Aliziweka sawa mapajani, moja moja, herufi zikitazama juu. Zilikuwa nzito na zilipoa haraka.

Walivuka bondeni, wakapanda. Kila kilima mtandao ulikuwa unarudi, na yeye anaangalia simu. Ujumbe ulikuwa palepale na alama yake moja.

Walikuwa wameanza kuziona nyumba za Laela pale simu ilipoita. Luhende. Abrahamu akaegesha pikapu pembeni bila kuambiwa, akazima injini. Enesi alibonyeza, akaweka sikioni. Upande ule, huko bondeni, watu wengi walikuwa wameshakusanyika, wengine wakizungumza kwa sauti za kunong'ona, halafu zikanyamaza zote kwa pamoja.

"Mama Goodness," Luhende alisema. Ile sauti yake kubwa ya mnadani haikuwepo. Alizungumza taratibu, kwa heshima, kama anayemwamkia mkwe. "Pole na safari, mama. Mmefika wapi?"

"Laela."

"Haya. Haya, mama." Akakohoa. "Uko na nani hapo?"

Bolti zilimteleza mapajani zikaanguka kwenye sakafu ya gari. Enesi aliiondoa simu sikioni, akamnyooshea mdogo wake.